Pikapu Inayopiga Magoti

9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Huku tupo, tunapumua. Shangazi mgongo unamsumbua ila ulimi uko imara. Jana kamfukuza muuza mkaa kwa maneno ambayo kalamu yangu inaona aibu. Fundi cherehani wa jirani kapata mjukuu wa kike, analia kama honi ya basi. Mimi bado nachomelea mageti, na kabla hujauliza, sijanenepa. Ni Bisibisi yule yule.

Mzee wetu anakusalimu. Hajatamka, lakini anakusalimu.

Sasa jambo lenyewe. Unajua anatakiwa kliniki kila wiki kwa ajili ya sukari na kidonda cha kisigino cha mguu uliobaki. Hajaenda hata mara moja tangu walipomkata ule mwingine. Siku tulipomrudisha, teksi iligoma kupanda kwetu kwa sababu ya yale makorongo, tukambeba wanaume wanne kwenye blanketi kutoka barabara kuu. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Pale kwenye kona shuka alilojifunga likafunguka, dada. Mtu aliyeendesha malori maisha yake yote, ambaye hata watoto wa shule wanamwita Dereva, akaonekana vile. Alipofika ndani akasema: "Sibebwi tena. Nitakufa nimekaa, lakini sibebwi."

Pikapu yake inapanda makorongo bila shida, ila kiti chake kiko juu na lazima mtu amnyanyue. Juzi nikaona gari la jamaa mmoja huku mjini. Katoa springi zote, kaweka mabegi ya mpira yanayojazwa hewa. Akibonyeza swichi hewa inatoka, gari linashuka mpaka tumbo linakaribia lami. Akibonyeza tena linapanda. Wao wanafanya kwa kujionyesha tu, wanashindana nani anakwaruza barabara zaidi. Mimi nikasimama pale nikawaza: likishuka vile, kiti cha gari na kiti chake cha magurudumu vinakuwa sawa. Anajisogeza mwenyewe, hakuna anayemgusa.

Wewe uko kwenye duka la vipuri. Nitafutie mabegi manne, kompresa, tanki la hewa na valvu, umpe dereva wa lori la saruji anayepita huko kwenu. Bei tutaongea.

Na wewe unakuja lini? Mzee haulizi, ila honi ikilia huko nje anageuza kiti kuelekea mlangoni.

Mdogo wako


27 Februari

Bisibisi,

Marahaba. Sisi wazima. Mwanangu mkubwa kang'oka jino na analiweka mfukoni kama pesa. Bosi kanihamishia kaunta ya mbele, kwa hiyo nashinda nabishana na mafundi wanaotaka kipuri wasichokijua jina, wananielezea kwa mikono.

Vitu vyako vimo kwenye boksi. Kompresa ni ya mtumba lakini nimeiwasha mwenyewe, inapiga vizuri. Achana na habari ya bei. Jambo moja tu, na usinifanyie utani: usiingie chini ya gari lililoshikwa na hewa peke yake. Weka magogo chini ya chesisi, kila mara, hata kama ni kufunga nati moja. Hapa dukani nimeshasikia za waliosahau.

Sasa nijibu. Kisigino kina kidonda cha ukubwa gani? Kina rangi gani? Usiniandikie kwamba kinaendelea. Nikipiga simu ya fundi cherehani unanijibu "tuko salama" kwa sababu nusu ya mtaa imesimama pembeni yako. Kwenye karatasi hakuna anayesikiliza, basi andika.

Swali lako la mwisho nimelisoma.

Dada yako


20 Machi

Dada,

Shikamoo. Mwambie mpwa wangu jino lile alitupe, lisije likatoboa suruali. Shangazi anashukuru kwa kitenge na anasema rangi si yake, lakini hakivui.

Boksi lilifika salama. Mzee alilifungua yeye, akatoa kipuri kimoja kimoja na kukigeuza kama anayenunua nyanya. Tangu siku hiyo kawa mtu mwingine. Asubuhi anakunywa chai upesi upesi, anajisukuma mpaka uani, anaanza: "Wewe Bisibisi, umelala?" Magogo yapo, usiwe na wasiwasi. Yeye ndiye anayeyakagua.

Kazi ngumu ilikuwa chesisi. Gari likishuka, ekseli ya nyuma inapanda, inagonga chuma. Ikabidi nikate chesisi juu ya ekseli, nitoe kipande cha umbo la nusu sahani kila upande, halafu nizungushie bamba nene pale palipokatwa ili isivunjike. Nikawasha grenda. Unakata uti wa mgongo wa gari la baba yako, na yeye amekaa hapo anakutazama. Akasema, "Kata. Ukikata nusu nusu ndiyo unaharibu."

Nimemtengenezea ubao wa magurudumu wa kulalia. Anashuka kutoka kwenye kiti mpaka kwenye ubao, anajisukuma kwa mikono mpaka chini ya gari, tunalala bega kwa bega tukitazama juu. Chini ya gari hakuna anayehitaji miguu, dada. Mle ndani yeye ni mzima kuliko mimi. Jana alicheka mpaka akakohoa, kisa nilidondoshewa nati kwenye jicho.

Kisigino kinakauka.

Mdogo wako


11 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi wazima, watoto wamefunga shule, nyumba ni soko.

Nimefurahi kwa kicheko cha Baba. Nimeisoma sehemu ile mara nyingi, hata kaunta nimeisoma. Halafu juzi dereva wa lori la saruji kaingia dukani. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema mnamkarimu sana, chai alikunywa. Nikamuuliza mlikaa sebuleni au uani. Akainamisha kichwa akasema alikunywa akiwa amesimama nje, karibu na lori lake. Nikamuuliza kwa nini. Akaanza kunisifia watoto.

Kuna harufu gani ndani ya nyumba ile?

Kidonda kinachokauka hakinuki. Mpeleke. Gari likiwa nusu, mpeleke hivyo hivyo. Waambie wanaume wa pale wamfunike vizuri, wafunge shuka kwa pini, wapite asubuhi kabla watu hawajatoka. Aibu inapoa.

Dada


16 Mei

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Lori halikupita, halafu lilipopita sikuwa nimeandika.

Mjukuu wa fundi cherehani sasa anakaa. Shangazi yupo.

Gari linapanda na kushuka! Ungekuwepo ungepiga kelele. Nilibonyeza swichi, likashusha pumzi ndefu, likakaa chini taratibu, mbele na nyuma pamoja. Mzee akasogeza kiti mpaka mlangoni mwa gari, akapima kwa kiganja. Sawasawa. Nikadhani ataingia. Akatega sikio, akasema, "Linavuja."

Nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha mipira na kila valvu. Hakuna puto hata moja. Akasema masikio yake yamesikiliza injini tangu mimi sijazaliwa, hewa inatoka mahali. Nikafungua zote, nikafunga upya. Wiki ikapita. Akasikiliza tena. Bado linavuja. Nikabadilisha valvu mbili nzima kabisa.

Umeniuliza, nakujibu. Vidole viwili vya mguu vimebadilika rangi. Harufu ipo. Shangazi anamwosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, na siku hizi hasemi kitu. Yule mwanamke, kimya. Hicho ndicho kinachonitisha kuliko vidole.

Likiacha kuvuja tunaenda.

Mdogo wako


30 Mei

Bisibisi,

Leo sina habari za watoto.

Nimekaa kaunta hii vya kutosha. Povu la sabuni likikaa kwenye kiungo bila kupiga puto, hakuna hewa inayotoka. Fundi yeyote anajua hilo. Wewe unajua. Na Baba anajua kuliko sisi wote.

Gari halivuji. Gari limekwisha. Baba amekwambia atakwenda gari likiwa tayari, na akienda watamkata mguu wa pili, kwa hiyo gari haliwi tayari. Atasikia hewa leo, kesho atasikia chuma kinalia, keshokutwa atasikia sijui nini. Na wewe unachukua spana unafungua. Mnachezeana, na mguu unaoza huku mnafunga nati.

Ita wanaume wanne. Akikutukana, atukane. Akikulaani mwambie ni mimi niliyesema, anilaani mimi.

Dada yako


25 Juni

Dada,

Shikamoo.

Kuita wanaume wanne ni rahisi ukiwa umeshika kalamu. Nimesimama mlangoni kwake mara ngapi na neno hilo liko mdomoni. Ananitazama tu. Ananiuliza, "Unataka kusema nini?" Nasema, "Nataka kujua kama umekunywa dawa."

Ndiyo, aliona gari limeinama kushoto kwa upana wa kidole. Nikapima na kweli lilikuwa limeinama, si uongo, nikarekebisha. Halafu akataka rangi. Nikamwambia, Mzee, hospitali hawaangalii rangi. Akasema yeye anaangalia. Nimepiga rangi. Bluu ile ile ya lori lake la mwisho.

Wewe umeona yote hayo ukiwa nyuma ya kaunta. Hongera. Mimi nimeyaona tangu Aprili, nimeyaona kwa macho yangu na kwa pua yangu. Nikueleze kwa nini nilishika spana? Siku nilipomaliza bamba la pili la chesisi, aliligonga kwa nyundo, akatega sikio, akasema, "Fundi wewe." Miaka yote mimi kwake nilikuwa yule aliyeogopa kuendesha malori. Mchoma mageti. Ningemaliza gari lile kwa haraka ya nini, dada? Ungekuwa wewe ungelimaliza?

Na kama unajua sana kumtoa mtu kitandani, njoo umtoe.

Sasa ana homa. Jumatatu tunakwenda. Nimemwambia usoni, bila kuuliza dawa. Naye kasema sawa.

Mdogo wako


19 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako ya Juni ilinifikia baada ya simu ya msiba. Niliisoma mahali pasemapo "kasema sawa" nikiwa tayari najua.

Sitaki kukuficha. Nilipanda basi siku ile ile. Tulipofika kituo cha katikati ya njia nikapiga simu kwa fundi cherehani, akaniambia mmeshazika. Nikakaa kwenye benchi. Basi langu likaondoka. Nikapanda la kurudi. Watoto wananiuliza babu alizikwaje na mimi nawaambia vizuri.

Sasa nakuuliza jambo moja, na nataka unijibu kwa karatasi. Fundi cherehani aliniambia mliondoka asubuhi, wakati wa chai, na kwamba alitoka nje kuwapungia. Shangazi kanisomea karatasi ya hospitali kwenye simu. Imeandikwa alipokelewa alasiri. Kutoka nyumbani mpaka hospitali wali hauivi jikoni.

Mlikuwa wapi?

Dada


3 Agosti

Dada,

Shikamoo. Shangazi anakula kidogo. Karudi kusema, lakini anasema na mimi tu pale anapohitaji maji.

Nitaandika yote mara moja, nikisimama sitaendelea.

Asubuhi ile nilileta gari uani, nikalishusha. Mzee alikuwa amevaa shati lake la kazi na kofia. Shangazi alikuwa amefunga mguu kwa vitambaa vitatu na mfuko wa plastiki juu. Mzee alisogeza kiti mpaka mlangoni mwa gari, akashika upau ule niliomchomelea juu ya mlango, akajivuta. Mara moja tu. Akawa ndani. Hakuna aliyemgusa, dada, hata kidole. Shangazi akapiga kigelegele huku analia. Nikabonyeza swichi, gari likampandisha juu taratibu, na yeye akakaa mgongo umenyooka anatazama mbele. Tukashuka makorongo bila kugusa. Watu wakapunga mikono na yeye akawapungia.

Tukafika njia panda ya chini. Unaijua. Kulia hospitali, kushoto barabara kuu ya malori. Akasema, "Kushoto."

Nikasema, "Hospitali ni kulia, Mzee."

"Hospitali naijua iliko. Kushoto."

Nikakata kushoto.

Sikulazimishwa. Usukani ulikuwa mikononi mwangu, mguu wake haukufika kwenye breki. Nilisema moyoni, dakika kidogo, apate upepo, tutageuza. Tukapita kiwanda cha matofali, tukapita kituo cha mafuta alichokuwa akijaza. Alifungua kioo chote. Alikuwa anatoka jasho na huku anatetemeka, lakini alikuwa anazungumza kuliko nilivyowahi kumsikia. Anakosoa kila gia. "Unachelewa kubadilisha. Isikilize injini, inakuomba." Akanionyesha mahali alipolala siku tatu na ekseli iliyovunjika, na mti ambao dereva mwenzake aliugonga akiwa anamcheka. Tukafika mpaka kwenye mizani ya malori. Akasema nishushe gari. Nikalishusha pale pembeni, kati ya malori yote yale makubwa. Makarani wawili wa zamani walimtambua, wakaja mbio, "Dereva! Dereva mwenyewe!" Wakainama dirishani kumshika mkono. Walisikia harufu, niliona nyuso zao, lakini hawakuuachia mkono. Akawaonyesha jinsi gari linavyopanda na kushuka, akabonyeza swichi yeye mwenyewe. Akasema, "Kazi ya kijana wangu huyu."

Akaomba soda. Sukari imempeleka alipofika, anaomba soda. Nikamnunulia. Baridi. Akainywa yote.

Nikasema, "Turudi sasa, Mzee." Akasema mbele kidogo, mpaka mlimani. Nikaenda mpaka mlimani. Nilikuwa nafurahi, dada. Ulitaka ukweli, huo ndio. Sijawahi kufurahi vile na baba yangu. Nilijua anaungua homa pembeni yangu na nilikuwa nafurahi.

Kwenye kurudi aliacha kunikosoa gia. Nilichelewesha moja kwa makusudi, nikaivutisha mpaka injini ikalia. Kimya. Hapo nikajua. Nikakanyaga mafuta.

Nilipofika mlangoni mwa hospitali nilishusha gari mpaka chini kabisa, sawasawa na kile kitanda chao cha magurudumu. Nikamwambia, "Mzee, shuka mwenyewe, shika upau." Alikuwa amekata kauli, hana fahamu. Wakaja wanne wakambeba. Daktari alisema sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Nikamuuliza, je, kama ningemleta asubuhi? Akaniuliza kwa nini sikumleta Aprili.

Alikaa siku mbili bila kuamka. Pikapu iko uani. Sijaigusa.

Mdogo wako


18 Agosti

Bisibisi,

Marahaba. Watoto wazima.

Nina hasira na wewe. Naandika hili kwanza ili usilitafute kati ya mistari. Nimejiweka kwenye usukani ule kila siku tangu nilipopata barua yako, nikiwa kaunta, nikiwa naosha vyombo. Tunafika njia panda, anasema kushoto, na mimi nakata kulia. Kila mara. Anafika kwa wakati, wanamkata, anapona. Anarudi nyumbani anageuza kiti anatazama ukuta, na hanisemeshi mpaka anakufa uzeeni. Nami nasema afadhali hivyo. Ningemchukua hivyo, bila neno hata moja, miaka ishirini.

Halafu nakumbuka kwamba mimi sikuwa kwenye usukani wala kwenye kiti cha pembeni. Uliniuliza nakuja lini na mimi nikakutumia valvu. Niliogopa kumwona bila mguu, basi. Ilikuwa rahisi kufunga boksi. Kwa hiyo ile siku yake nzuri ni ya kwako peke yako, na hilo nalo linaniuma, linaniuma kuliko ninavyoweza kukwambia.

Sijui kama ulimuua. Sijui kama ulimpa kitu ambacho sisi wengine wote tulimnyima. Nimejaribu kuamua kabla ya kuandika na nimeshindwa.

Nakuja Jumamosi na basi la mchana. Mwambie Shangazi asipike kingi. Usije kituoni na gari lile, nitapanda makorongo kwa miguu. Na nikifika uani usinikimbilie, mdogo wangu. Simama hapo ulipo, kwanza nikuangalie.

Dada yako